Niliposema Si Goti

Mara ya kwanza Régis alipolia mbele za watu, benchi letu lilimpigia makofi.

Msinishangae. Ngojeni kwanza niwaeleze tulivyokuwa tunafanya kazi, maana bila kujua hilo mtawaona watu wa timu yetu kuwa mashetani, nao si mashetani, ni watu tu. Kocha wetu Rutagengwa alikuwa na desturi yake. Nyota ya Kivu ikiwa mbele kwa bao moja na mchezo unakaribia kwisha, kipa anakaa chini. Anashika goti, anakunja uso. Refa anasimamisha mpira na kuniita mimi, kiné wa timu, yaani mkandaji wa misuli na mfungaji wa viungo. Naingia na chupa yangu ya dawa ya baridi, na kazi yangu hapo ni kukimbia polepole. Kocha alinifundisha mwenyewe: "Nasrine, kimbia sawa mutu iko na mimba." Nikifika napulizia goti ambalo halina hata mchubuko, wapinzani wanatutukana, dakika zinaliwa, benchi letu linapiga makofi. Kila timu inaufanya mchezo huo. Anayebisha hajawahi kuongoza kwa bao moja.

Jumamosi ile uwanja wa Umuganda ulikuwa umejaa na tulikuwa mbele. Régis akakaa chini. Benchi likalipuka kwa furaha.

"Muongo wangu!" Rutagengwa alipiga kelele, anacheka. "Muone vile anajua kazi!"

Nami nikatoka, mdogo mdogo, na chupa yangu mkononi. Nilikuwa nimevimba kichwa, nisiwafiche. Kipa yule alikuwa mpenzi wangu. Kesho yake, Jumapili jioni, watu wake walikuwa wanakuja kwetu Majengo kuleta posa, baada ya baba yangu kukataa, na kukataa tena, na hatimaye kuchoka. Nikawa natembea pale uwanjani kama bibi harusi, nawaza nitavaa kitenge gani.

Nilipokaribia goli ndipo nikaona hajashika goti. Alikuwa ameukumbatia mlingoti kwa mkono mmoja, mkono mwingine ameuziba uso kwa glavu. Mabega yalikuwa yanaruka. Nikatupa chupa chini, nikapiga magoti mbele yake.

"Régis! Wapi inauma?"

"Nasi, usiende." Ndivyo alivyokuwa ananiita, Nasi.

"Nimekuja sasa hivi, niende wapi? Sema, wapi inauma?"

"Sijui. Pumzi inakataa. Mikono yangu siisikii. Batu wote hawa, Nasi, wako wananiangalia, na mi sioni mutu hata mumoja."

Alitoa glavu usoni, akanitazama. Nimeyajua macho yale miaka yote ya mapenzi yetu. Yameniita sokoni, yamenichekea nikiwa na hasira, yamenibembeleza nikiwa nalia juu ya baba. Siku ile yalinitazama kama macho ya mtu anayezama.

"Kiné, mutibie ama mumutoe inje," refa akasema juu ya kichwa changu. "Musinilie dakika zangu."

Nifanye nini? Mkononi nilikuwa na dawa ya goti. Nikaiokota chupa yangu chini nikapuliza goti. Mtu analia roho, mimi napuliza goti! Kule kwenye benchi makofi yakaongezeka.

Akainuka. Sijui aliinuka kwa nguvu gani. Haukupita muda ukaja mpira mlaini kabisa, wa kuokota, ukapita pembeni yake na yeye anautazama tu mpaka ukalala wavuni. Makofi yakaisha hapo hapo.

*

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyemsogelea. Régis aliketi kwenye kona yake na machozi hayakukatika, yanatoka tu bila sauti. Wenzake walimpita kama mtu anavyopita mbele ya msiba asioujua ni wa nani. Gatete, nahodha wetu, mtu mwema kabisa, alifungulia redio kwa sauti kubwa. Nadhani aliona aibu kwa niaba yake.

Rutagengwa akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Bon. Masinema imekwisha?"

Régis akajifuta pua kwa glavu.

"Régis, we ni mwanaume. Wazee wetu wanasema machozi ya mwanaume yanateremukia tumboni. Yako juu ya nini yanashuka usoni? Timu ya Kigali imetuma mutu kukuangalia leo. Leo! Na we unakaa unalia sawa mutoto ametoka kwenye titi."

"Kocha," nikasema, "muache. Hasikii hata unachosema."

"Kiné, mi sikukuuliza."

"Na mi nakuambia. Huyu mutu ni mugonjwa."

"Ni goti," akasema, na akanisogelea akashusha sauti. "Umesikia? Tunasema goti. Goti linapona. Ukisema kichwa, mutoto wa batu amekwisha, hakuna timu itamushika tena, hapa wala Kigali. Mi sina ubaya, Nasrine. Mi namulinda."

Mjue kwamba aliamini alichosema. Na mimi nusu ya moyo wangu ilimwamini.

Nikamshika Régis mkono, nikampeleka kwenye chumba changu cha kukandia, nikafunga mlango. Hakutaka kupanda juu ya meza. Aliteleza chini kati ya meza na ukuta, nami nikakaa sakafuni karibu naye, bega kwa bega. Nikajaribu kumvua glavu. Akazirudisha kifuani.

"Ziache."

"Mikono imeloa jasho, chéri. Zivue upumue."

"Ziache, Nasi. Nikizivua wataona vile inatetemeka."

"Nani ataona? Niko mimi tu."

"We njo ule sitaki uone."

Yesu na Maria, angesema mama yake. Mimi nilisema astaghafirullah kimoyomoyo na nikamwachia glavu zake. Tukakaa hivyo. Nje watu walikuwa wanatoka uwanjani, tunasikia pikipiki na vicheko.

"Imeanza lini?" nikauliza.

"Zamani kidogo."

"Zamani ya lini? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kila mutu anauliza sababu. Mi siko na sababu. Nikiwa na sababu ningeitoa nikaitupa huko." Akaegemeza kichwa ukutani. "Usingizi umenikimbia. Chakula ninakula sawa ninatafuna karatasi. Napanga kicheko asubuhi, navaa, naenda mazoezi. Jioni navua. Nimechoka, Nasi. Nimechoka vile huwezi jua."

"Ni juu yetu? Ni juu ya dini?"

Nililazimika kuuliza. Baba alikuwa ameweka sharti lake: anayemtaka binti wa Twahir fundi cherehani, asilimu. Régis alikubali, akawa anakuja msikitini kufundishwa. Tangu hapo mama yake, Mukarugwiza, muuza nyanya wa Petite Barrière, pale mpakani, aliyemlea peke yake toka walipohama Goma, hakula naye tena sahani moja. Alikuwa ameapa mguu wake hautakanyaga kwetu. Posa ingeletwa na wajomba.

"Hapana," akasema. "Ungekuwa wewe, ningekuwa nimekuacha nikapona. Si wewe." Kisha akanigeukia, akanishika mkono na ile glavu yake nene. "Nasi, niapie kitu. Wakikuuliza, sema ni goti."

"Régis..."

"Sikia. Mutu wa Kigali akisikia goti, atangoja. Baba yako akisikia goti, kesho atapokea wajomba zangu. Akisikia kichwa? Unamujua. Atakupa mutu ana kichwa kibovu? Unipoteze bure, na mi nikupoteze bure? Sema goti. Nitapumuzika nyumbani siku mbili tatu, itapita."

"Na isipopita?"

"Itapita."

"Nakuuliza, isipopita?"

Nilisikia pumzi yake inavyogonga kifuani.

"Kuna asubuhi," akasema taratibu, "nilishuka kwenye ziwa. Kulikuwa kumetulia, hakuna mutu. Nikaangalia maji, nikasikia sawa yananiita, yananiambia kuya ulale." Akacheka, kicheko kibaya. "Nilikuwa nimefika ndani mpaka hapa." Akajigusa tumboni. "Njo simu ikalia. Ulikuwa wewe. Ulitaka kujua kama wajomba wanakunywa chai ya maziwa ama ya rangi."

Naikumbuka simu ile! Nilimpigia nikiwa natengeneza mambo ya posa, nikamkemea kwamba amechelewa kushika. Nikamwambia, we mwanaume, umelala mpaka saa hizi? Na yeye akasema, tengeneza zote mbili.

Nikamkumbatia palepale sakafuni, nikalia kwenye shingo yake, na yeye akawa ananibembeleza mimi. "Humura," ananiambia, "humura, mi niko." Mgonjwa anamtuliza kiné wake.

"Bado unasikia maji yakikuita?" nikamwuliza. Nilimwuliza wazi, kwa maneno hayo, maana niliona nikizunguka nitampoteza.

Akageuza uso, akazikaza glavu mikononi. Nikajua bado.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Aliingia Mbonigaba, prezida wa timu, katika suti yake, na nyuma yake mgeni wa Kigali, na Rutagengwa, na Gatete anachungulia. Régis akajaribu kusimama, akajikausha uso kwa kiwiko.

"Tusamehe kuwasumbua," Mbonigaba akasema, anatabasamu kwa ajili ya mgeni. "Nimemweleza mheshimiwa kwamba kipa wetu ni goti la siku nyingi. Donc, kiné, wewe ndiye mtaalamu. Ni goti, sivyo?"

Rutagengwa alinitolea macho. Régis hakunitolea macho. Yeye alinitazama tu, polepole, kama siku ile ya kwanza aliponitazama alipokuja kufungwa kidole na akasahau kuondoka. Na midomo yake ikaniambia bila sauti: tafadhali.

Wapenzi wasomaji, ningeweza kusema goti. Ningesema goti, kesho wajomba wangekuja, baba angepokea, ningekuwa mke wa mtu. Neno moja tu! Nikawaza maji ya ziwa asubuhi, na simu isiyolia.

"Si goti," nikasema.

"Kiné!" Rutagengwa akafoka.

"Si goti. Goti lake ni zima kuliko langu. Huyu mutu amezidiwa moyoni, na leo asiachwe peke yake hata dakika. Anataka daktari wa hayo mambo, leo hii. Prezida, nakuomba voiture ya timu imupeleke hospitali. Gatete, kimbia umwite mama yake."

Mgeni wa Kigali alitazama viatu vyake, akasema, "Pole sana, kijana," na nadhani aliisema kwa moyo, lakini akatoka. Mbonigaba akamfuata anaeleza na kueleza. Gatete alikuwa ameshaondoka mbio.

Régis alikaa juu ya meza ya kukandia. Machozi yalikuwa yamekauka.

"Nilikuamini," akasema.

"Najua."

"Nilikuambia wewe peke yako. Sikumwambia hata mama."

"Najua, chéri. Unichukie, lakini uwe hai unanichukia."

"Usiniite chéri tena."

Mama yake alikuja na pikipiki, kitambaa cha kichwa kimelegea, mikono bado inanuka nyanya. Gatete alikuwa amemweleza njiani. Alimwangalia mwanawe, akaniangalia mimi, hakuniambia neno. Akamshika mwanawe kiunoni kama anavyoshikwa mtu aliyevunjika mguu, wakaenda kwenye gari. Nilipotaka kupanda, Régis akasema, bila kugeuka, "Huyu asipande."

Nikabaki pale getini. Gari likaondoka, nikamwona kupitia kioo cha nyuma, ameweka mikono mapajani. Glavu bado alikuwa amezivaa.

*

Habari ilifika Majengo kabla yangu. Baba alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, hashoni.

"Nasrine, kweli yanayosemwa mjini? Mchumba wako kapata wazimu uwanjani?"

"Si wazimu, baba. Ni ugonjwa."

"Na aliyewatangazia watu ni wewe?"

"Ni mimi."

Akavua miwani. "Sasa mwanangu, mimi nikuelewe vipi? Ulilia humu ndani, umesusa kula, umenigombanisha na ndugu zangu kwa ajili ya huyo kijana. Leo nimekubali, wewe mwenyewe unaivunja?"

"Ningekaa kimya, baba, ungenioza kwa maiti."

Alirudisha miwani, akashona, akakosea mshono, akaukata uzi kwa meno.

Jumapili ilikuja. Wajomba walipiga simu asubuhi kusema hawaji, na mimi sikuwalaumu. Lakini mama yangu mdogo alikuwa ameshatandika sebule tangu jana, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kutandua. Sambusa zilikuwepo. Birika mbili zilikuwepo, moja ya maziwa, moja ya rangi. Katika ukoo wa baba, mgeni wa posa huwekewa kikombe mbele yake na hakigusi. Anasema lililomleta, kisha anangoja. Baba wa binti akitaka kukataa, anaongea habari nyingine mpaka chai inapoa, na mgeni anaaga. Akikubali, anasema neno moja, kunywa, na jibu ndilo hilo. Nilikaa jikoni na kanga kichwani, nasikia birika zinavyopoa.

Jioni, saa ileile iliyokuwa imepangwa, pakabishwa hodi.

Alikuwa Mukarugwiza. Peke yake. Amevaa kitenge chake cha kwenda misa, macho mekundu, viatu ameviacha mlangoni kama alivyosikia kwamba Waislamu hufanya. Yule aliyeapa. Baba akainuka kwenye kiti kwa mshangao.

"Karibu, Mama Régis. Karibu ndani."

Akaingia, akakaa pale pale palipotengwa kwa watu wa bwana harusi, ukingoni mwa mkeka. Mama mdogo hakujua afanye nini, akammiminia kikombe, akakiweka mbele yake. Nilitoka jikoni nikapiga magoti kumsalimia.

"Maman," nikasema, "anaendeleaje?"

"Amelala, mwanangu." Akanishika bega. "Wamemupa kitanda, wamemupa dawa, daktari mumoja muzuri amekaa naye anamusikiliza. Na leo amelala. Mi nimekaa namuangalia vile analala, sawa alipokuwa mutoto."

"Na glavu?"

"Alizivua mwenyewe. Akanipa, nikazifua."

Nikaziba uso. Kisha nikauliza lile ambalo nilikuwa nimejiapiza nisiulize.

"Ameniuliza?"

Mama Régis alinitazama kwa huruma ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Hapana. Nisikudanganye. Nilitaja jina lako, akageuka ukutani. Amesema hataki kukuona, leo wala kesho. Labda siku moja. Labda hapana. Mi siwezi kumujibia."

"Basi," nikasema. "Basi, Maman. Asante kwa kuniambia."

"Ngoja, sijamaliza." Akajiweka sawa, akamgeukia baba. "Baba Nasrine, mi sijui desturi zenu, na mi nilizikataa, unajua. Siko na wajomba leo, siko na bwana harusi. Mutoto wangu hamutaki binti yako. Lakini saa iliyowekwa ilipofika nilisema siwezi kukaa nyumbani. Bila huyu binti, leo batu wangekuwa wamejaa kwangu, wananishika mikono, wananiambia ihangane, vumilia. Nimekuja kusema hivi: kama ningekuwa na uwezo wa kuchagua mukwe, kati ya mabinti wote wa hii ville, muji muzima, ningechagua huyu. Njo imenileta. Nimemaliza."

Akaweka mikono mapajani. Hakukigusa kikombe. Sijui nani alimweleza, ama hakuwa na kiu.

Nilimwona baba anautazama mkeka, sambusa ambazo hazijaliwa, zile birika mbili. Nilingoja aanze kuongea habari nyingine, bei ya nyuzi, mvua ya kule Nyakiriba, chochote. Angekuwa na haki. Hakukuwa na posa pale. Hakukuwa na mtu wa kunioza kwake.

Akakohoa kidogo, akakisukuma kikombe taratibu mpaka kwenye magoti ya Mukarugwiza.

"Kunywa, dada," akasema.

Akanywa, huku analia. Nami nilirudi jikoni, nikakaa chini kati ya ukuta na meza, nikalia mpaka nikasikia wananiita niwaongezee chai.